Sikukuu za Kiyahudi wakati kuna mtu hayupo mezani: mwongozo kamili wa kushika tumaini

Sikukuu za Kiyahudi zinauma kuliko siku zingine kwa sababu moja, zinafanyika nyumbani. Sinagogi ipo ndio, lakini kiini chake ni meza. Nani anasoma Kidushi, yaani baraka ya sikukuu, juu ya kikombe cha divai, mtoto gani mdogo anauliza maswali manne usiku wa Pasaka, nani anaficha afikomani (kile kipande cha matza, mkate usiotiwa chachu), nani huwa anakuja na samaki wake mwenyewe manake haamini wa mtu mwingine. Sasa mmoja akikosekana kila mtu anaona, hakuna mahali pa kujificha, na ndo maana kuna watu wanaanza kuogopa Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi, mwezi mzima kabla haijafika.

Naandika hii kwa ndugu zetu wanaoshika sikukuu hizi na wanaongea Kiswahili, wa Nairobi na wa kijiji cha Kasuku kule Kenya, wa Mbale kule Uganda na vijiji vyake, na waliotawanyika Israeli na Marekani. Pia kwa wewe ambae si Myahudi lakini unafanya kazi kwenye nyumba ya Kiyahudi, unamtunza mzee, na unaona anavyonyamaza wiki ile. Utahitaji kujua ufanye nini.

Kuna ushauri wa aina mbili utausikia na yote miwili mimi siikubali. Wa kwanza, "jikaze ufurahi, ni sikukuu". Wa pili, "basi mwaka huu tusifanye kitu". Ukiangalia vizuri hizi sikukuu zenyewe, ndani yake tayari kuna nafasi ya mtu aliyekosekana, imewekwa kwenye masomo, kwenye sala, hata kwenye sahani. Kazi yako ni kuijua hiyo nafasi iko wapi na kuitumia. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Jua aliyekosekana amekosekana vipi

Hii watu wanairuka alafu wanachanganyikiwa mbele. Aliyefariki, aliye mbali, asiyejulikana alipo, na aliyekataa kuja kwa sababu mmegombana, hawa ni wanne tofauti na kila mmoja ana taratibu zake.

Aliyefariki ana Kadishi (sala ya wafiwa), ana Yizkori (sala ya kuwakumbuka marehemu), ana mshumaa wa kumbukumbu. Kadishi ya mzazi inasomwa miezi 11 na inahitaji minyani, yaani watu wazima kumi (kwa Waorthodoksi wanaume kumi, jumuiya zingine wanawake wanahesabiwa pia). Na kama msiba ni wa juzi tu kuna jambo lazima ulijue mapema lisikupige ghafla: sikukuu inakata shiva, yaani matanga ya siku saba. Mmezika siku mbili kabla ya Rosh Hashana, mmekaa matanga siku mbili, jua likizama shiva imeisha, hairudi. Mkizika katikati ya Sukoti (sikukuu ya vibanda) au Pasaka shiva inasubiri sikukuu iishe ndo inaanza. Wengi wanaona ni ukatili, na mimi naelewa kabisa kwanini, lakini ukijua mapema unaweza kuomba watu waendelee kukutembelea hata kama jina la matanga limeisha. Waombe waziwazi. Watu hawaji kwa sababu wanadhani hawaruhusiwi.

Asiyejulikana alipo ni habari nyingine kabisa. Huyo HUMWASHII mshumaa wa kumbukumbu na humsomei Kadishi, manake huna ushahidi. Unamwombea kama mtu aliye hai, kwa jina lake na jina la mama yake, ndivyo Wayahudi wanavyowaombea wagonjwa na mateka. Marabi kwa karne nyingi wamekuwa wakali sana kwenye hili, hawamtangazi mtu amekufa bila ushahidi hata kama miaka imepita.

Na kama watu wanakusukuma "mwachie Mungu, endelea na maisha", soma Mwanzo 37:35. Wana wa Yakobo wanakuja kumfariji kwa ajili ya Yusufu naye anakataa kufarijika. Rashi, mfafanuzi mkubwa wa karne ya 11 kule Ufaransa, anaeleza kwamba mtu hawezi kupokea faraja kwa ajili ya aliye hai anayedhaniwa amekufa, usahaulifu umewekwa kwa ajili ya wafu tu. Na Yusufu alikuwa hai. Sikwambii wako naye lazima yuko hai, hilo hakuna anayeweza kukuahidi. Nakwambia kwamba kukataa kufarijika siyo ugonjwa wala siyo kukosa imani, baba wa makabila 12 alifanya hivohivo.

Sisi huku hili tumeliona karibu. Tarehe 7 Oktoba 2023 ilikuwa Simhati Tora kule Israeli, siku ya kucheza na Torati, na siku ile watu 251 walichukuliwa mateka kupelekwa Gaza. Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda kujifunza kilimo kwenye kibutzi (vijiji vya kilimo vya ushirika) za kusini walikosekana siku hiyo. Mmoja familia yake ilipata taarifa ya kifo Novemba 2023, mwingine Desemba, lakini mwili wa huyu wa pili ulirudishwa Novemba 2025. Fikiria mzazi amekaa karibu miaka miwili anajua mtoto amekufa lakini hana cha kuzika. Kwa hiyo ukimwona mtu "hajamaliza kulia" usimhesabie miezi.

Hatua ya 2: Anza mapema, na Zaburi ya 27

Toka mwanzo wa mwezi wa Eluli, mwezi kabla ya Rosh Hashana, mpaka mwisho wa Sukoti, jumuiya nyingi zinasoma Zaburi 27 kila siku. Isome kwa sauti hata kama uko jikoni. Mstari wa 10 unasema baba yangu na mama yangu wameniacha, bali Bwana atanikaribisha kwake. Simama hapo kidogo. Alafu endelea mpaka mwisho, anaamini ataona wema wa Bwana katika nchi ya walio hai, na anajiambia mwenyewe angoje, apige moyo konde, angoje. Anajirudia mara mbili kwenye mstari mmoja, ni mtu ambae kungoja kumemchosha na bado anangoja.

Faida ya kuanza mapema ni kwamba machozi yanatoka kidogokidogo kwa siku kama hamsini, hayakusubiri yote usiku mmoja mbele ya wageni.

Hatua ya 3: Gawa kazi zake kabla ya siku yenyewe

Kaa chini uandike aliyekosekana alikuwa anafanya nini hasa mezani, vitu vya mikono. Alikuwa anasoma Kidushi, anakata mkate, anaimba wimbo fulani kwa tuni yake, anapasua matza. Alafu kila kazi mpe mtu, kwa jina, siku kadhaa kabla. Usiache mpaka mmekaa, kikombe kimejaa, na wote wanaangaliana nani ashike. Ile dakika ya kuangaliana ndo inavunja watu, nimeiona inavyofanya meza nzima inyamaze na mtoto anauliza "sasa nani?" na hakuna anayejibu.

Mama mjane anaweza kusoma Kidushi mwenyewe, wanawake wana wajibu huo sawa na wanaume, haitaji kumsubiri shemeji. Divai ikiwa shida, juisi ya zabibu inatosha. Na kama tuni ya baba hakuna anayeiweza, tafuta kwenye simu za ndugu, mara nyingi kuna voisi au video ya zamani mtu ameisahau, sikilizeni kabla ya sikukuu mjifunze. Wazee walio hai warekodini sasa hivi jamani, msisubiri.

Sasa kiti. Tarehe 20 Oktoba 2023 pale mbele ya makumbusho ya sanaa ya Tel Aviv walitandika meza ndefu ya Shabati, sahani, glasi, na viti zaidi ya mia mbili bila mtu, kimoja kwa kila mateka. Toka hapo nyumba nyingi za Kiyahudi duniani zikaanza kuacha kiti. Mimi msimamo wangu ni huu: kiti cha asiyejulikana alipo kiache wazi, hapo ni pake, hajatolewa. Kiti cha aliyefariki mpe mgeni. Mtafute mtu asiye na pa kwenda, mwanafunzi, mfanyakazi aliye mbali na kwao, jirani mjane, akae pale. Kumbukumbu la Torati 16:14 inaamuru furaha ya sikukuu na hapohapo inataja mgeni, yatima na mjane, hawa ndo orodha ya waalikwa. Rabi Musa bin Maimoni, yule Rambam aliyeishi Misri karne ya 12, ni mkali zaidi, anasema anayefunga milango akala na watoto wake na mkewe tu bila kulisha maskini, hiyo ni furaha ya tumbo lake.

Watoto waambie mapema kuhusu kiti, na waulize wanataka nini. Mwingine atataka kuweka picha, mwingine hataki kuiona kabisa, wote wako sawa.

Hatua ya 4: Mshumaa

Kwa aliyefariki, mshumaa wa kumbukumbu unawashwa jioni ya kuamkia siku ya Yizkori na jioni ya kuamkia tarehe aliyofariki kwa kalenda ya Kiebrania, uwake kama masaa 24. Huku kwetu hauuzwi kila duka, lakini unajitengenezea. Chukua glasi nene, weka maji kidogo chini, mimina mafuta ya zeituni au hata ya kupikia juu yake, elea utambi wa pamba uliopitishwa kwenye kipande cha foili. Simamisha glasi ndani ya sufuria yenye mchanga, mbali na pazia. Jaribu siku chache kabla uone unawaka masaa mangapi, usije ukazima saa nane usiku ukaamka ukadhani ni ishara mbaya. Siyo ishara, ni mafuta yameisha.

Wa Yom Kipuri (siku ya kufunga na kutubu), na wa sikukuu inayoangukia Shabati, uwashe kabla jua halijazama. Sikukuu zingine kama siku imeshaingia huruhusiwi kuwasha moto mpya, unachukua kutoka kwenye moto uliokuwepo.

Hatua ya 5: Simu, na masaa yake

Kwa aliye mbali. Wanaoshika sheria hawagusi simu sikukuu ikiingia, kwa hiyo kila kitu kiishe kabla. Israeli wakati wa kiangazi saa yao ni sawa na ya kwetu Afrika Mashariki, majira ya baridi wanakuwa nyuma saa moja. New York kiangazi wako nyuma masaa saba. Jua la Nairobi linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo mpigie mwanao wa New York saa kumi na moja jioni, kwake ni saa nne asubuhi. Kama ataenda kazini mwambie aombe ruhusa ya dakika kumi tu.

Msipige stori za visa na hela siku hiyo. Mwombe asome kitu, baraka ya watoto wewe umsomee yeye, au muimbe ubeti mmoja pamoja. Na kwa yule mliyegombana, tuma meseji fupi ya heri ya mwaka mpya bila swali ndani yake, swali linadai jibu. Asipojibu umefanya lako.

Hatua ya 6: Sinagogini

Kama unaenda sinagogi usiyoijua, kwa mfano ile ya Nairobi pale University Way, wasiliana nao siku kadhaa kabla na uwe na kitambulisho, ulinzi ni mkali na ukifika tu getini bila taarifa unaweza kurudishwa, ukiwa na msiba moyoni hilo litakuumiza bure.

Angalia kinachosomwa Rosh Hashana. Siku ya kwanza ni Hajiri jangwani, maji yameisha, amemweka mtoto chini ya kichaka akakaa mbali asimwone akifa. Alafu ni Hana anayelia bila mtoto mpaka kuhani anadhani amelewa. Siku ya pili ni Isaka amefungwa juu ya kuni, na Yeremia 31, Raheli akiwalilia watoto wake anakataa kufarijiwa kwa kuwa hawako, na Mungu anamwambia azuie sauti yake isilie, liko tumaini, watoto watarejea mpaka wao. Wangeweza kuchagua masomo ya uumbaji na ya furaha kwa mwaka mpya. Walichagua wazazi waliopotelewa na watoto. Wewe unayelia kule nyuma siku hiyo ndiye masomo yanakuhusu zaidi kuliko mtu yeyote mle ndani.

Yizkori inasomwa mara nne kwa mwaka. Ni fupi: unaomba Mungu aikumbuke roho ya fulani, unataja jina, na unaahidi sadaka kwa ajili yake. Sehemu nyingi ambao wazazi wao wako hai wanatoka nje. Mwaka wa kwanza desturi zinatofautiana, wengine hawasomi, uliza rabi wako. Huna sinagogi karibu? Yizkori unaweza kusoma peke yako nyumbani, haihitaji watu kumi. Kadishi ndo huwezi, basi mwombe mtu mwenye minyani akusomee, na wewe toa sadaka au jifunze kifungu cha Mishna (mafundisho ya marabi wa kale) kwa jina la marehemu. Sadaka itoe kweli baada ya sikukuu, umeahidi.

Hatua ya 7: Usiku wa Sederi

Sederi ni ule mlo wa usiku wa Pasaka, na hapa ndo pana utajiri zaidi. Sahani ya Sederi ina uchungu juu yake kwa makusudi, maji ya chumvi ni machozi, yako pale mezani kabla hujaleta ya kwako.

Ukiwa peke yako kabisa usikate tamaa ukalala mapema. Talmudi, kitabu kikuu cha mafundisho ya marabi, kwenye Pesakimu 116a imefikiria hilo: mtoto anauliza, kama hana ujuzi baba anamfundisha, kama hakuna mtoto mke anauliza, na kama hayupo mtu anajiuliza mwenyewe. Soma Ma Nishtana, yale maswali manne, kwa sauti na ujijibu kwa sauti, sauti ni muhimu, usisome kwa macho. Vikombe vinne vya divai kama kawaida. Mboga ya kuchovya kwenye chumvi inaweza kuwa kiazi cha kuchemsha, majani machungu saladi inafaa, harosetu, ule mchanganyiko mtamu, tengeneza kwa tende na karanga.

Fika pale unapopasua matza ya katikati. Inapasuka kwa sauti kavu na haipasuki sawa, siku zote kipande kimoja ni kikubwa, na hicho kikubwa ndo kinafungwa kwenye kitambaa kinafichwa. Mlo hauwezi kuisha mpaka kilichofichwa kirudi kiliwe. Kama una mtu asiyejulikana alipo, hapo mtaje jina. Miaka ya 1970 familia za Marekani na kwingine waliongeza matza moja mezani waliyoiita matza ya tumaini, kwa ajili ya Wayahudi wa Urusi ya Kisovieti waliozuiwa kutoka. Wengi wao baadae walitoka, kwa maelfu. Unaweza kufanya hivo, weka matza ya ziada, sema ni ya nani.

Alafu kikombe kinachojazwa kwa ajili ya nabii Eliya, na mlango unaofunguliwa kwa ajili yake. Mpe kuufungua mtu ambae ameumia zaidi, mwache asimame pale mlangoni muda anaoutaka, nyie msimharakishe.

Na simulieni ya Abayudaya. Ni jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu karibu na Mbale mwaka 1919. Idi Amin akapiga marufuku ibada yao, wakaswali kwa kujificha, wengi wakaacha, watu wakapungua sana. Kampala ilipokombolewa na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda ilikuwa tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyohiyo Pasaka ilikuwa inaingia. Kwa walioshika kwa siri miaka yote ile, usiku ule wa Sederi Farao wao alikuwa ameshakimbia Kampala. Watoto wa Kiafrika wakisikia hiyo Sederi inabadilika, siyo tena habari ya Misri ya zamani tu.

Sukoti ni nyepesi zaidi. Kuna desturi ya kuwaalika kibandani wageni saba wasioonekana, Ibrahimu mpaka Daudi, na Yusufu yumo. Wengi wanaongeza na majina ya watu wao. Ila fungu la hao wageni apewe maskini, ndivyo mafundisho yanavyosema. Hanuka, sikukuu ya taa, we washa tu taa yako dirishani, hata moja.

Hatua ya 8: Ukizidiwa

Mwambie mtu mmoja kabla ya sikukuu kwamba unaweza kuzidiwa, mkubaliane ishara, ukitoka nje yeye anakufuata baada ya dakika chache. Kutoka mezani siyo dharau.

Yom Kipuri, kama unatumia dawa za msongo au sonona usiziache, ongea na daktari na rabi kabla, mgonjwa ambae kufunga kunamhatarisha anakula na sheria yenyewe inamwamuru. Na kama mawazo ya kujiua yanakuja, shika simu hata kama ni Shabati, hata kama ni Yom Kipuri, kuokoa uhai kunavunja karibu kila amri. Israeli piga 1201, Marekani 988, Kenya 1199. Kama unamtunza mzee na unaona hali hiyo, we piga, usisubiri akuruhusu.

Hatua ya 9: Siku ya baada

Watu wanajiandaa kwa sikukuu wanasahau kesho yake, wageni wameondoka, vyombo viko kwenye sinki, na huzuni yote inaingia saa hiyo. Panga kabisa mtu wa kunywa nae chai siku hiyo. Toa sadaka uliyoahidi, mpigie aliyekaa peke yake, na andika kwenye kalenda Yizkori za mwaka unaoingia: Yom Kipuri 21 Septemba 2026, Shemini Atzereti (sikukuu inayofuata Sukoti) 3 Oktoba 2026, siku ya mwisho ya Pasaka 29 Aprili 2027, na siku ya pili ya Shavuoti (sikukuu ya majuma) 12 Juni 2027. Walioko Israeli hizo mbili za mwisho zinatangulia siku moja, 28 Aprili na 11 Juni, na mshumaa kumbukeni unawashwa jioni ya kuamkia.